Programu ya Matengenezo: Kununua au Kukodi?



Mwezi uliopita tuliitwa Lilongwe, katika kiwanda kimoja, kwa habari ya ajali. Mashine ilimkata mwenzetu vidole viwili. Fidia yake inadaiwa kwa sheria ya mwaka 2000, nayo haiulizi kosa ni la nani. Aliyenaswa ni fundi wa zamu. Ameandikiwa barua ajieleze, kwa nini hakutoa taarifa kwamba kinga ya mkanda imevunjika. Yeye anasema aliandika wiki tatu kabla. Wapi? Katika kompyuta. Tukaomba kuona, tukajibiwa programu imefungwa, ada ya miezi miwili haijalipwa.

Hapo tukaona kwamba leseni ya programu si shauri la ofisi ya hesabu peke yake.

Leseni ya kudumu hulipwa mara moja, na programu mara nyingi hukaa katika kompyuta ya kiwanda. Leseni ya kukodi hulipwa kila mwezi au mwaka, na kumbukumbu mara nyingi hukaa kwa muuzaji ng'ambo. Usipolipa, mlango unafungwa.

Jumapili tulieleza haya Dzaleka, huko Dowa, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994, ambako ndugu wengi kutoka Kongo na Burundi wanasema Kiswahili. Mzee mmoja mwenye kinu cha mahindi akauliza: aliyekukodisha kinu akija kukichukua, anachukua na daftari lako la wateja? Mabwana wa ofisini hawakuuliza hivyo siku ya kutia sahihi.

Tupige hesabu, kwa mfano tu. Kukodi ni dola 100 kwa mwezi, yaani 6,000 kwa miaka mitano. Kununua ni dola 3,000, na huduma ya muuzaji 600 kila mwaka: miaka mitano ni 6,000 vilevile. Lakini huduma unaweza kuiacha na programu ikabaki. Tena dola haitulii. Novemba 2023 kwacha ilishushwa, dola moja ikapanda kutoka kama kwacha 1,180 hadi 1,700. Ada ya 118,000 ikawa 170,000, na mshahara wa fundi ulikuwa uleule.

Kununua nako kuna mitego. Bila huduma, programu inazeeka pamoja na kompyuta yake; Windows 10 ilikoma kupata marekebisho ya kawaida Oktoba 2025. Na kompyuta ikiungua bila nakala, kumbukumbu zimekwenda.

Kwa hiyo hatukugombania namna ya kulipa. Tulidai mkataba useme kumbukumbu ni mali ya kiwanda na zitolewe hata ada ikichelewa, na kila taarifa ya ubovu ichapwe, fundi abaki na nakala yenye sahihi ya msimamizi.

La nakala limekubaliwa, zinachapwa kila Jumamosi. La mkataba bado. Fundi ataitwa mbele ya kamati ya nidhamu wiki ijayo. Tutakwenda naye, na tumeandika barua kudai ada ilipwe na kompyuta ifunguliwe kabla ya siku hiyo.