Panya Katika Gari la Madrasa

Waislamu wengi wa pwani wanalijua gari la namna hii, hata wale ambao hawakupata kulipanda. Ni gari la abiria lililonunuliwa kwa mchango wa wazazi, na kazi yake si biashara ya kila siku, bali ni kuwapeleka watoto wa madrasa katika Maulidi, katika ziara, na pengine katika maziko ya mbali. Baina ya safari moja na nyingine hulala uani. Ndani yake hubaki majamvi, mito, masufuria makubwa ya pilau, na aghalabu mfuko wa mchele uliosalia, kwani watu wanaorudi usiku wamechoka husema, "Tutateremsha kesho." Kwa hiyo gari hilo hufanana na nyumba kuliko linavyofanana na gari, na nyumba yenye malazi na chakula, isiyokaliwa na mtu, haikosi mpangaji.

Huko Ulaya na Marekani wako watu wenye vijumba vya magurudumu wanavyovikokota nyuma ya magari yao wakati wa mapumziko. Kipupwe kikiisha, wakifungua milango, wengi hukuta panya wamezaa ndani ya magodoro. Sisi wa Kawe hatuna theluji, lakini tuna masika. Mvua za Machi hadi Mei zinapojaza maji mashimo na mifereji ya bonde la Mlalakuwa na majani ya viwanja vya kiwanda cha zamani cha nyama cha Tanganyika Packers, panya hutafuta pakavu. Gari lililosimama uani ni pakavu.

Gari letu lilisimama tangu kabla ya masika hadi ardhi ilipokauka. Mimi ndiye niliyekabidhiwa ufunguo wake. Bibi mmoja jirani, ambaye dirisha lake latazamana na gari hilo, aliniambia mara mbili, "Mwanangu, usiku nasikia kitu chatafuna humo." Nilimjibu kwa adabu, wala sikufanya lolote.

Siku ya safari tulikuwa twawapeleka watoto Bagamoyo, wakayaone magofu ya Kaole na misikiti yake ya kale. Wavulana walikung'uta majamvi na kufuta vumbi. Juu ya kiti cha nyuma niliona vinyesi vyeusi, vidogo kama punje za mchele, nikavipangusa kwa mkono. Tukasoma dua ya safari tukaondoka. Tulikuwa tumekwisha kupita Bunju, Mapinga hatujafika, iliposikika harufu ya mpira unaoungua, na mara moshi ukatoka chini ya dashibodi. Dereva alisimamisha gari kando ya njia, na watoto wakatoka kwa mlango mmoja, wakisukumana. Tulikuwa tumepakia watoto kumi na sita. Nilipowahesabu chini ya mkorosho, walikuwa kumi na watano.

Mdogo wao, mwana wa miaka sita, alikuwa amelala sakafuni baina ya viti. Ustadhi wao alirudi ndani ya moshi akamtoa. Dereva akauchomoa waya wa betri, na alhamdulillahi, moto haukuwaka. Lakini kile kitambo cha kuhesabu mara ya pili sitakisahau.

Fundi wa umeme wa magari alipoifungua dashibodi alitoa konzi mbili za uchafu: sponji ya viti iliyosagwa, ukili wa majamvi, maganda ya mchele, na nyaya tatu zilizoguguniwa mpaka shaba ikaonekana, mbili zikigusana. Katikati yake palikuwa na kiota, nacho kilitandikwa karatasi. Nilizitambua herufi zake. Zilikuwa kurasa za Juzuu Amma ambazo mtoto mmoja alizisahau katika mfuko wa kiti. Tulizikusanya chembe kwa chembe tukazizika mahali pasipokanyagwa, na siku ile sikuweza kumtazama ustadhi machoni.

Hapo ndipo nilipoikumbuka hadithi niliyoisoma utotoni, iliyomo katika Sahihi Bukhari na Muslim kutoka kwa Jabir bin Abdillah r.a. Mtume s.a.w. aliamrisha usiku ukiingia milango ifungwe, vyombo vifunikwe na taa zizimwe. Na sababu aliyoitaja ya kuzima taa ni huyu huyu panya, ambaye alimwita kwa jina la dharau, "fuwaisiqa", yaani kifasiki kidogo, kwamba huenda akauburuta utambi akawateketeza watu wa nyumba. Nilikuwa nimeidhania kuwa ni habari ya zama za taa za mafuta, na mimi nikaa katika mtaa wa umeme. Waya uliovuliwa ngozi yake ni utambi vile vile.

Yafaa tumjue adui huyu ni nani. Meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote, na kwa hiyo hana budi kuguguna. Waya, mpira, mbao na plastiki ni kitu kimoja kwake. Panya mdogo wa nyumbani hupita katika tundu ambalo penseli yapita, kwani kichwa kikipenya, mwili hufuata. Mimba yake ni wiki tatu tu, na uzao mmoja huwa watoto watano, sita, hata wanane, ambao nao wakifika karibu wiki sita huweza kuzaa. Basi gari lililoachwa miezi mitatu kwa jozi moja ya panya lina muda wa kutosha kulea wana na kuanza wajukuu.

Tena panya ni msafiri kuliko sisi. Panya weusi, wale wapandao darini, asili yao si Afrika. Walivuka bahari pamoja na shehena. Mifupa yao imefukuliwa Unguja Ukuu, katika tabaka za bandari iliyokuwa ikifanya biashara na ng'ambo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Mabaharia waliitambua tabia hiyo, na katika bandari nyingi duniani meli zifungapo gati huvishwa sahani za chuma katika kamba zake ili panya asipande wala asishuke. Maana yake ni kwamba wenye meli hawamngojei aingie ndipo wamfukuze. Wanaikata njia yake.

Sisi tulianza kinyume. Nilinunua sumu kwa mchuuzi apitaye na kipaza sauti akitangaza dawa ya panya, mende na kunguni, iliyofungwa katika karatasi isiyo na jina la kiwanda wala maelezo. Nikaimwaga chini ya viti. Sumu nyingi za panya ni za kuzuia damu isigande, nazo haziui papo hapo. Panya huzila, akatembea siku kadhaa akidhoofika, ndipo akafa. Mmoja alifia ndani ya ubao wa mlango, na harufu yake ilidumu wiki mbili. Mwingine alitoka nje amelegea, akakamatwa na paka wa yule yule bibi aliyenionya. Paka alikufa siku ya nne. Nilikwenda kumwomba radhi, naye alinisamehe kwa neno moja, kisha akanyamaza. Kunyamaza kwake kulinifunza kuliko kugombezwa.

Tangu siku ile sumu haiingii katika gari la watoto, na ushauri wangu kwa wenye nyumba ni huo huo. Mwenye dharura asiyeweza kuiacha na anunue iliyosajiliwa, yenye maandishi, aiweke ndani ya kisanduku kilichofungwa ambacho mtoto wala kuku hakifikii, na ayahifadhi maandishi yake. Kwani mtoto akiila, daktari atauliza kwanza ni sumu gani. Ama ile gundi ya kunasa panya inayouzwa madukani, mimi siipendi. Kuua panya kumeruhusiwa, hata katika eneo la Haram, kama ilivyopokewa kwa Bibi Aisha r.a., lakini tumeamrishwa pia tuuapo tuue kwa wema. Kumwacha kiumbe amenata na kuhangaika usiku kucha si wema. Mtego wa kubana, wenye nguvu, huimaliza kazi mara moja. Utegwe ukutani, mdomo wake ukielekea ukuta, kwa kuwa panya hupenda kwenda akiugusa ukuta kwa masharubu yake. Na chambo ni dagaa mmoja au karanga iliyosagwa kidogo tu. Mitego iangaliwe kila alfajiri. Mtego unaotegwa Jumatatu na kukumbukwa Ijumaa ni najisi nyingine ndani ya nyumba.

Kazi kubwa ilikuwa kuziba. Tulimwingiza kijana mmoja ndani ya gari usiku, na mwingine akazunguka nje na tochi akimulika chini na ubavuni. Kila mwanga ulipopenya tulipatia alama kwa chaki. Tulizipata njia kumi na moja. Zilikuwapo pale waya na fimbo zipitapo kuelekea miguuni mwa dereva, vizibo vya mpira vilivyopotea sakafuni, mpira wa mlango wa nyuma uliochakaa, na tundu la kuvutia hewa chini ya kioo cha mbele. Matundu ya hewa na ya kutolea maji hayazibwi kabisa, la sivyo gari litaoza. Huwekwa wavu wa chuma ambao macho yake hayazidi milimita 6. Watu hupenda kushindilia zile nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, nazo zafaa kwa siku chache, ila hewa ya chumvi ya Kawe huzila kwa kutu upesi, tena zisikaribie nyaya za umeme kabisa, kwani nazo hupitisha umeme. Wavu usioshika kutu ni ghali kidogo, lakini hununuliwa mara moja.

Kisha tulikiondoa kinachomwita. Mchele hauingii tena garini isipokuwa siku ya safari, tena ndani ya ndoo yenye kifuniko cha kukaza. Majamvi na mito hurudi madrasani usiku ule ule, hata tukirudi saa sita. Misahafu na juzuu zimewekewa sanduku la bati. Gari lilihamishwa kutoka chini ya mwembe, kwa kuwa tawi lililogusa paa lilikuwa ngazi, likaondolewa pia karibu na banda la kuku, kwani pumba iliyomwagika ni karamu ya panya. Kila Alhamisi baada ya Alasiri boneti hufunuliwa, injini huwashwa, na gari huzungushwa mtaani. Panya hapendi nyumba inayotikisika.

Wako waliotushauri tuweke vidonge vyeupe vya kabatini vyenye harufu kali, au vile vyombo vinavyosemwa kupiga sauti isiyosikika na wanadamu. Harufu hupotea, na sauti panya huizoea. Mwenye fedha ya kuchezea na ajaribu.

Lipo jambo moja nililolikosea ambalo mama wa nyumba wengi hulikosea, nalo ni kule kupangusa vinyesi vikavu kwa mkono au kuvifagia. Mkojo na kinyesi cha panya huweza kubeba maradhi. Julai 2022 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba maradhi yaliyozuka mkoani Lindi, yaliyowapata watu 20 na kuwaua 3, yalikuwa homa ya mgunda, ambayo vijidudu vyake hutoka katika mkojo wa wanyama, panya wakiwa miongoni mwao. Wazee wa Lushoto nao hawahitaji kuelezwa habari ya tauni, iliyowarudia mara kwa mara kwa zaidi ya miaka 20 tangu 1980, na ambayo hupitia kwa viroboto vya panya. Basi milango ifunguliwe nusu saa, mikono ivishwe glavu, uchafu umwagiwe dawa ya klorini iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa kumi, uachwe dakika tano au zaidi ulowe, kisha ufutwe kwa kitambaa cha kutupwa. Usipeperushe vumbi lake.

Vijana wa madrasa, walipokuwa wakifanya kazi hii, waliniuliza mbona basi Mwenyezi Mungu alimwumba panya. Niliwaambia habari za Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, ambako shirika la APOPO huwafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na kugundua kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wao, jina lake Magawa, alifanya kazi Kambodia, na katika 2020 akapewa nishani ya dhahabu na PDSA ya Uingereza. Wakacheka, wakasema wa kwetu hakusoma.

Mchele wenyewe uliokuwamo garini tuliutupa wote. Kuna aliyetaka kuuokoa kwa kutoa hoja ya hadithi ya Bibi Maimuna r.a., kwamba panya aliyeanguka katika samli hutolewa yeye na kilichomzunguka, kilichobaki kikaliwa. Hoja hiyo ni sahihi kwa samli iliyoganda na panya mmoja. Mfuko ule walikuwa wamelala ndani yake miezi mitatu.

Tumekwenda Kaole mara mbili tangu wakati ule. Watoto sasa huitwa kwa majina wanapopanda na wanaposhuka, si kwa idadi. Ufunguo bado ninao, na kila Alhamisi, kabla ya kufunua boneti, hupita kwanza dirishani kwa yule bibi kumwamkia na kumuuliza amesikia nini usiku. Kijana wetu mmoja alimletea paka mchanga, naye sasa hulala dirishani hapo hapo. Alhamisi iliyopita bibi alinijibu kwamba hakusikia ila mvua.