Paa Lililoezuliwa Viterbo

Tarehe 8 Juni 1270, makardinali waliokuwa wamefungiwa ndani ya jumba la askofu wa Viterbo, mji ulio kaskazini mwa Roma, waliwaandikia barua wakuu wa mji huo. Waliomba mwenzao Henry wa Segusio, kardinali wa Ostia na bingwa mkubwa wa sheria za Kanisa, aruhusiwe kutoka kwa kuwa alikuwa mgonjwa. Mwenyewe, walieleza, alishakubali kuiacha kura yake safari hii. Na walipotaja mahali barua ilipoandikiwa, walisema ni katika jumba lisilo na paa. Hilo halikuwa fumbo. Papa Klementi IV alikuwa amefariki mjini humo Novemba 1268, mwaka mmoja na nusu ulikuwa umepita bila mrithi, na wenyeji waliochoka kusubiri walikuwa wameliezua paa hilo.

Ni rahisi kukiona kisa hiki kama kituko cha watu wa kale. Mimi nakiona kama matokeo ya sheria nzuri iliyofanya kazi yake barabara, kisha ikazaa ugonjwa mwingine.

Kwa karne nyingi askofu wa Roma alichaguliwa na wakleri na watu wa mji wake, jambo ambalo kwa vitendo lilimaanisha koo za mabwana wakubwa wa Roma, au mfalme mwenye jeshi. Mwaka 1046 Henry III wa Ujerumani aliingia Italia, akakuta watu watatu wanadai upapa, akahakikisha wote wameondolewa na akamweka askofu Mjerumani. Watu waliotaka Kanisa lijitawale hawakusahau. Mwaka 1059 Papa Nikolasi II alitoa hati iliyokabidhi uchaguzi kwa makardinali: kwanza washauriane makardinali maaskofu, yaani wale wa majimbo yanayoizunguka Roma, kisha waitwe makardinali wengine, na mwisho wakleri na waamini wakubali. Mfalme aliachiwa heshima yake, kwa maneno ambayo kila mtu angeweza kuyafasiri apendavyo.

Hati hiyo haikusema lolote kuhusu makardinali wasipokubaliana. Mazoea ya wakati ule yalikuwa kwamba kura hupimwa pamoja na kuhesabiwa: upande wenye busara zaidi ndio ushinde. Sasa nani atakiri kwamba busara iko kwa wenzake? Mwaka 1130 mapapa wawili walichaguliwa siku moja. Mwaka 1159 mambo yakawa mabaya zaidi. Wengi walimchagua Rolando, aliyekuja kuitwa Aleksanda III. Alipokuwa anavishwa joho jekundu la upapa, kardinali Ottaviano alilinyakua. Mmoja wa waliokuwepo akampokonya. Kwa mujibu wa waandishi wa upande wa Aleksanda, Ottaviano alikuwa ameandaa joho jingine, akalivaa kwa pupa hata upande wa mbele ukawa mgongoni, na watu wakacheka. Kilichofuata hakikuchekesha: Kaisari Frederick Barbarossa alimuunga mkono Ottaviano, na Kanisa likagawanyika hadi amani ya Venezia mwaka 1177.

Aleksanda alijifunza. Katika Mtaguso wa Tatu wa Laterano, mwaka 1179, aliweka kanuni ambayo kwangu ndiyo kiini cha habari hii yote: Papa ni yule aliyepata theluthi mbili ya kura za makardinali, na kura zote zina uzito mmoja. Mwenye pungufu ya hapo akijiita Papa, ametengwa na Kanisa, yeye na waliompokea. Mjadala wa busara ukaisha, hesabu ikabaki. Kardinali Laurean Rugambwa wa Tanganyika, Mwafrika wa kwanza mweusi kuwa kardinali, alipoingia kupiga kura mwaka 1963, msingi ulikuwa bado ni huo.

Upigaji kura wenyewe ulielezwa na mtaguso wa mwaka 1215, uliotaja njia tatu kwa chaguzi za Kanisa. Ya kwanza: watu watatu wanaoaminika humwendea kila mpiga kura, mmoja mmoja, wakamsikiliza kwa siri na kuandika jina analolitaja. Ya pili: wote huwakabidhi wachache mamlaka ya kuchagua kwa niaba yao. Ya tatu ni pale wote wanapopaza sauti kwa jina moja, kana kwamba Roho Mtakatifu amewagusa kwa pamoja.

Lakini theluthi mbili ina upande wake wa pili. Kundi dogo linalozidi theluthi moja kidogo tu linaweza kuzuia kila kitu. Viterbo ndiko jambo hili lilikodhihirika. Makardinali waligawanyika kati ya waliovutwa na Charles wa Anjou, bwana mpya wa kusini mwa Italia, na waliomwogopa. Hakuna aliyelazimika kulegeza, kwa sababu kuchelewa hakukumgharimu yeyote. Watu wa mji waliwafungia, wakawapunguzia chakula, kisha wakaezua paa, na bado kiti kilibaki wazi. Watatu walifariki uchaguzi ukiendelea. Hatimaye, tarehe 1 Septemba 1271, njia ya pili ikatumika: wajumbe sita walimchagua Teobaldo Visconti, ambaye hakuwa hata kardinali na alikuwa Akka, Nchi Takatifu, pamoja na wanajeshi wa msalaba.

Huyo, akiitwa Gregori X, alikwenda kwenye mzizi wa tatizo. Kanuni aliyoitoa katika Mtaguso wa Pili wa Lyon mwaka 1274 iliwataka makardinali wasubiri wenzao siku kumi, kisha wafungiwe wote katika chumba kimoja kisicho na kuta za ndani wala mapazia. Chakula kipitie dirishani. Zikipita siku tatu bila Papa, wale sahani moja tu kwa kila mlo. Zikipita tano nyingine, wabaki na mkate, divai na maji. Muda wote huo wasipate senti ya mapato ya Kanisa. Makardinali walipinga vikali, hata Gregori akatafuta mihuri ya maaskofu ili kujiimarisha. Alipofariki Januari 1276, makardinali walifungiwa, na mrithi alipatikana kwa siku moja.

Mwaka huo huo kanuni ilisimamishwa, kisha ikafutwa. Ukaja ukame mwingine, wa miaka miwili na miezi mitatu, ulioisha mwaka 1294 kwa kumchagua mkaapweke mzee Pietro da Morrone, Selestini V. Alidumu miezi michache, lakini kabla ya kujiuzulu aliirudisha kanuni ya Gregori, na Bonifasi VIII akaiingiza katika kitabu cha sheria mwaka 1298.

Kufuli, hata hivyo, halikuzuia hofu kupenya. Aprili 1378 umati wa Roma ulidai Papa Mroma, au angalau Mwitaliano. Makardinali walimchagua askofu mkuu wa Bari, Bartolomeo Prignano, kisha umati ulipovunja na kuingia, walimvisha kardinali mzee Tebaldeschi, mzaliwa wa Roma, mavazi ya kipapa ili wapate kutoroka. Baadaye walisema walichagua kwa kulazimishwa, na miezi mitano baada ya uchaguzi ule, katika mji wa Fondi, wakachagua mwingine. Kwa karibu miaka arobaini kukawa na mapapa wawili, na tangu 1409 watatu. Mtaguso wa Konstanz uliumaliza mgawanyiko huo kwa kuongeza wapiga kura: makardinali 23, na wajumbe sita kutoka kila moja ya mataifa matano. Mshindi alitakiwa kupata theluthi mbili ya makardinali na theluthi mbili ya kila taifa. Walifungiwa tarehe 8 Novemba 1417, na tarehe 11, sikukuu ya Mtakatifu Martino, wakampata Oddone Colonna, aliyechukua jina la siku hiyo.