Maadili ya Kazi Hayakaririwi: Funzo Kutoka kwa Wanafunzi wa Udaktari

Chuo cha kwanza cha udaktari nchini mwetu kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1963, na mrithi wake leo ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi cha Muhimbili. Pamoja na maradhi na dawa, mwanafunzi wa udaktari hana budi kujifunza maadili: kutunza siri ya mgonjwa, kuomba ridhaa yake kabla ya kumtibu, na kutombagua. Yafaa sisi walimu tuangalie jinsi somo hili linavyopokewa, kwa maana nasi tunalo la namna hiyo.

Aghalabu mwanafunzi hasemi kwamba maadili hayana maana. Huyasifu, kisha huyaweka nyuma ya masomo mengine. Sababu ni tatu. Kwanza, hudhani amekwisha kuyapata nyumbani, kanisani au msikitini. Pili, huona kwamba majibu ya mtihani yaweza kukaririwa usiku mmoja. Tatu, huona wodini mambo yasiyolingana na ya darasani. Akimsikia mkubwa wake akitaja ugonjwa wa mtu mbele ya watu, somo zima hufutika.

Malezi mema ni msingi, lakini hayatoshi. Tuchukue mfano wa kazi yetu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na tangu hapo familia nyingi za mkoa huo zimeonja uchungu wa minong'ono. Tuseme mwanachuo yuko katika mazoezi ya kufundisha huko Kimuli. Mtoto mmoja hukosa shule mara kwa mara. Mwalimu anamwuliza mbele ya wenzake alikokuwa, naye anajibu kwamba alikwenda kuchukua dawa. Mwalimu hakukusudia ubaya, alijali mahudhurio. Hata hivyo siri imetoka, na huenda mtoto akaacha dawa, au akaacha shule. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inalinda siri ya namna hiyo, lakini kuijua sheria ni jambo moja, na kukumbuka kumwita mtoto kando ni jambo jingine.

Basi tufundisheje? Tuanze na kisa, ndipo tufikie kanuni. Wanachuo wasomewe kisa kama hiki, wajadiliane katika vikundi, na kila kikundi kijibu maswali manne: Nani ataumia? Nani anastahili kujua? Mwalimu angesema nini, na mahali gani? Sheria yasemaje? Kisha wawili wawili waigize mazungumzo hayo, mmoja akiwa mwalimu na mwingine mtoto. Katika mtihani nako wapewe kisa kipya wakiamue na kutoa sababu, wala wasiulizwe kuorodhesha kanuni.

Mwisho, tukumbuke ile sababu ya tatu. Mkufunzi anayesoma alama za mwanachuo kwa kejeli mbele ya darasa amekwisha kufundisha maadili siku hiyo, ijapokuwa ratiba ilionyesha Hisabati. Nanyi mtakapokabidhiwa darasa, watoto watajifunza kutunza siri za wenzao kwa kuona jinsi mnavyozitunza zao.