Je, Wajua? Pombe ya Wachaga Hutengenezwa kwa Ndizi

Mgeni anayefika Moshi au Marangu kupanda Mlima Kilimanjaro huishia mara nyingi kula chipsi na kuku hotelini. Ni hasara kubwa, maana migomba iliyozunguka njia yake ndiyo jiko la Uchagani.

Mbege, pombe ya Wachaga, huanza na ndizi mbivu. Huchemshwa kwa muda mrefu, zikaachwa siku kadhaa zichachuke, kisha maji yake huchujwa na kuchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Uchungu kidogo hutoka kwenye magome ya msesewe, mti wa porini. Kesho yake pombe iko tayari, nzito na chachu, nayo hunywewa kwenye kata ya kibuyu inayopitishwa mkono kwa mkono. Haikai: siku zikipita huzidi kuchacha, kwa hiyo mbege nzuri ni ya kijijini, siku ileile. Posa, matambiko na usuluhishi wa ugomvi havikamiliki bila hiyo.

Asiyekunywa pombe aagize mtori, supu nzito ya ndizi mbichi zilizopondwa na nyama ya ng'ombe. Mama aliyejifungua hulishwa mtori ili apate nguvu na maziwa. Hakuna staftahi bora kwa anayeshuka mlimani amechoka. Machalari, ndizi na nyama visivyopondwa, hufaa mchana. Kiburu ni ndizi na maharage.

Ukifika, mwombe mwenyeji wako akuonyeshe kinapouzwa chakula cha nyumbani.