Injini hufa kwa kunywa maji, si kwa kulowa

MVUA ya masika inaponyesha Nyanchwa na vilima vingine vya Kisii, mito midogo kama Nyakomisaro huweza kujaa kwa muda mfupi. Hapo ndipo mwenye gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne huvuka bila kusita.

Wengi hudhani injini huharibiwa na kulowa. La hasha. Injini huvuta hewa na kuibana ndani ya silinda, lakini maji hayabaniki. Yakipenya kupitia bomba la hewa, pistoni huyagonga kana kwamba imegonga jiwe, na konrodi hupinda papo hapo.

Dereva basi hana budi kujua bomba hilo liko kimo gani. Magari mengine huwekewa bomba refu linalofika usawa wa paa, ingawa halina faida iwapo viungo vyake vinavuja. Gari liingie polepole, kwa gia ya kwanza au ya pili, bila kubadilisha mwendo: husukuma wimbi mbele, na nyuma ya wimbi hilo maji hupungua karibu na feni.

Injini ikizimika mtoni, ufunguo usiguswe. Kuwasha tena ndiko humaliza injini ambayo ingeokolewa. Gari livutwe nje, fundi aondoe maji kwenye silinda, na oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imwagwe.

Mkondo nao ni jambo jingine kabisa. Desemba 4, 2021, zaidi ya watu 30 walikufa maji basi lao liliposombwa mtoni Enziu, Kaunti ya Kitui. Basi hilo lilikuwa zito kuliko Land Cruiser yoyote.