Umesoma miaka miwili Dar, Marekani watakuhesabia mingapi?

Kijana aliyemaliza mwaka wa pili wa uhandisi Dar es Salaam, akapata nafasi ya kuendelea Houston, huamini amebakiza nusu ya safari. Shahada ya kwanza Marekani kwa kawaida ni krediti 120. Yeye kashasoma miaka miwili, basi anadaiwa 60. Wengi huaga nyumbani wakiwa na hesabu hiyo kichwani, na wazazi huuza kiwanja kwa kuiamini.

Tuanze na krediti yenyewe. Kwa mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka wa masomo una krediti 120. Marekani krediti moja hukaribia saa 45: saa moja darasani na mbili za kujisomea kila wiki, kwa muhula wa wiki 15 hivi. Kwa hiyo somo la krediti 12 hapa, kule hugeuka 3, na mwaka mzima hushuka hadi 30. Hapo hujadhulumiwa, vipimo ndivyo vinavyotofautiana.

Alama nazo zina mtego wake. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 70 ni A na 50 ni B. Kwa Mmarekani, 52 bila maelezo ni kufeli. Ufafanuzi wa alama unaoambatana na transkripti usiuache hata unapotoa nakala.

Serikali ya Marekani haipimi vyeti vya nje. Vyuo vingi hutaka ripoti ya taasisi binafsi, kama World Education Services ya New York iliyoanzishwa 1974, au nyingine zilizo katika umoja wa NACES. Omba ripoti inayochambua somo moja moja. Ile ya jumla ni nafuu, lakini husema tu umesoma kiwango gani.

Hata hivyo ripoti ni ushauri. Mwenye kauli ya mwisho ni chuo, na mara nyingi ni mhadhiri wa idara, aliyeshika muhtasari wa somo lako: mada zilizofundishwa, vitabu, saa za maabara. Asipoupata, hisabati yako ya uhandisi huingizwa kama somo la hiari. Utaambiwa krediti zimepokelewa, na ni kweli. Ila hazikupunguzii hata somo moja kati ya yale ya lazima. Utakaa darasani tena kusikiliza ulichokwisha kufaulu, na ada utalipa. Hapa ndipo pesa nyingi za familia zetu zinapopotelea, na inaniuma kwa sababu kurasa chache zenye muhuri zingeziokoa.

Yapo pia yasiyo na mbadala kutoka kwetu. Sheria ya Texas humtaka mhitimu wa shahada ya kwanza katika chuo cha umma awe na krediti 6 za historia ya Marekani na 6 za serikali na katiba. Aidha, vyuo huweka kiwango cha krediti ambazo lazima uzipate kwao, mara nyingi 30 au zaidi. Waliotoka USIU-Africa ya Nairobi wana unafuu, maana chuo hicho kina ithibati ya Kenya na ya Marekani pia. Na panapodaiwa lugha ya kigeni, uliza kama Kiswahili chako kinakutosheleza.

Wasajili wa vyuo vyetu, wekeni mihtasari ya masomo ya kila mwaka mahali mwanafunzi anapoweza kuipata bila kumtuma ndugu akapange foleni ofisini. Nawe unayesafiri, usilipe ada ya kwanza kabla chuo hakijakupa kwa maandishi orodha ya masomo kiliyoyakubali, na kila moja linajaza nafasi gani katika shahada yako.