Nukta za Picha ya Televisheni

Picha ya televisheni huundwa kwa nukta ndogo sana za rangi. Katika matangazo ya dijitali ya ubora wa kawaida yenye mistari 576, kila mstari huwa na nukta 720. Jumla yake ni nukta 414,720. Kioo cha aina ya 4K kina nukta 8,294,400, yaani mara 20 zaidi. Kinapopokea matangazo hayo, nukta 19 katika kila 20 hukadiriwa na chombo chenyewe kutokana na nukta jirani. Makadirio hulainisha picha, lakini hayawezi kuonyesha herufi ambayo kituo hakikuirusha.

Jicho nalo lina kikomo. Kwa umbali wa mita 3, jicho zima hutenganisha nukta zilizoachana kwa takriban milimita 0.9. Katika kioo cha 4K chenye upana wa sentimita 70, nukta huachana kwa milimita 0.18 tu.

Hivyo, shule inayotaka kununua televisheni yafaa ichunguze kwanza mambo mawili: kituo hurusha nukta ngapi, na wanafunzi watakaa umbali gani. Isipofanya hivyo, itagharimia nukta zisizoonwa na mtu.